Programu Inapokataa Kuingia: Tafuta Kwanza Kiungo Kilichokatika

Katika vituo vingi tunavyoshirikiana navyo kompyuta ya ofisi haina mwenyewe. Asubuhi katibu anaandika barua, mchana vijana wa mafunzo wanajifunza kuchapa, na jioni mhasibu wa vikundi vya kuweka na kukopa anaingiza hisa za wiki. Kompyuta hiyo ikisimama, kazi za watu wengi zinasimama nayo. Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza tatizo moja ambalo huonekana kubwa kuliko lilivyo, na ambalo mara nyingi hutibiwa kwa dawa kali isiyohitajika.

Tatizo lenyewe liko hivi. Unataka kuweka programu mpya, au toleo jipya la programu uliyo nayo. Kompyuta inaanza kazi vizuri, kisha inakwama na kuandika kwa Kiingereza "No such file or directory", maana yake hakuna faili wala folda ya jina hilo. Unarudia, jibu ni lile lile. Unaingia mwenyewe kwenye folda inayotajwa, na jina unaliona lipo. Kompyuta inasema hakipo kitu ambacho wewe unakiona kwa macho. Hapo fundi anaitwa, na baada ya dakika kumi anatoa hukumu: "Hii ipigwe fomati, tuanze upya."

Tunawaomba wasomaji wasikubali upesi. Kupiga fomati ni kufuta diski. Kama daftari la hisa la kikundi cha akina mama limo humo na hakuna nakala yake mahali pengine, siku ya kugawana itafika na hakuna atakayeweza kuonyesha nani aliweka kiasi gani. Fedha hizo si za kituo, ni amana ya watu. Tena kuweka mfumo upya kunadai kupakua data nyingi kwa bando ambalo kituo kimelinunua kwa shida. Na mara nyingi, kompyuta inaposema hakipo kitu kinachoonekana, chanzo ni kiungo kimoja tu kilichokatika, jambo la kurekebishwa kabla chai haijapoa.

Kiungo ni nini

Maelezo yetu yanahusu kompyuta zinazotumia Linux, hasa Ubuntu na Debian. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kwa vituo visivyo na fedha za leseni, na vilivyochoshwa na virusi vya Windows vinavyosafiri kwa flashi, Linux ilikuwa msaada wa kweli na bado ni msaada.

Ndani ya mfumo huu kuna aina ya faili inayoitwa kiungo. Mafundi hukiita simlinki. Kazi yake ni kama ya kibao cha barabarani. Kibao kinasema "Zahanati, kata kushoto". Kibao chenyewe hakina dawa wala muuguzi; kina maneno tu yanayoelekeza. Ukikifuata unafika zahanati. Lakini zahanati ikihamishiwa kijiji cha pili na hakuna aliyekumbuka kubadilisha kibao, mgonjwa atakata kushoto na kukuta shamba la mihogo. Kibao kipo, kinasomeka vizuri, ila hakifikishi popote. Hicho ndicho kiungo kilichokatika.

Viungo vya namna hii vilisambaa katika mifumo ya jamii ya Unix kupitia toleo la 4.2BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, na Linux ikavirithi. Watumiaji wa Windows wataikumbuka njia ya mkato iliyoko mezani mwa skrini, nayo inafanana kidogo. Tofauti ni kwamba njia ya mkato kwa kawaida hufuatwa pale mtu anapoibofya, lakini kiungo hufuatwa na mfumo wenyewe. Programu inayopita juu ya kiungo haijui hata kwamba imepita. Ndiyo sababu kikikatika programu haisemi "kiungo kimekatika". Inasema tu hakuna faili.

Mambo mawili kuhusu kiungo yanafaa kukaa kichwani. La kwanza, ndani yake mna maandishi ya anwani tu. Kitu kikihama, kiungo hakikifuati. La pili, mfumo haukagui anwani hiyo wakati kiungo kinapoundwa. Unaweza kuunda leo kiungo cha kwenda mahali ambapo hapajawahi kuwapo, na kompyuta itakubali bila kunung'unika. Kosa litajitokeza siku ya kuhitaji, labda baada ya miezi sita, wakati aliyekiunda amekwisha hamia mkoa mwingine.

Mfano wa diski ya pili

Tuchukue mfano wa kituo chenye kompyuta nane na bando moja. Jambo la busara kwa kituo kama hicho ni kupakua vifurushi mara moja tu, kisha kuvigawa kwa kompyuta nyingine. (Tukisema kifurushi hapa tunamaanisha kifurushi cha programu, si kile cha kampuni ya simu, hicho tunakiita bando ili tusichanganyikiwe.) Ubuntu huhifadhi vifurushi ilivyopakua katika folda /var/cache/apt/archives. Kompyuta ni ya zamani, diski yake ni ndogo. Basi fundi anachomeka diski ya nje, anahamishia folda hiyo huko, na mahali pake anaacha kiungo. Kazi nzuri. Kila kitu kinakwenda.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa kompyuta anaingia kwa jina lake mwenyewe, anataka kuweka programu ya kuchapa, anaambiwa:

E: Archives directory /var/cache/apt/archives/partial is missing.

Yaani folda ya kuhifadhia vifurushi haipo. Mwalimu si mvivu, anaamua kuiunda. Kompyuta inamjibu:

mkdir: cannot create directory '/var/cache/apt/archives': File exists

Sasa inasema ipo! Amri moja inasema haipo, nyingine inasema ipo, na mtu anaanza kuamini kwamba diski imeoza. Kumbe majibu yote mawili ni kweli. Jina lipo, kwa sababu kibao kimesimama. Kinachoelekezwa hakipo. Ukikutana na majibu mawili yanayopingana hivi juu ya jina lile lile, usitafute mbali, mtuhumiwa wa kwanza ni kiungo.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua dirisha la amri, uandike:

ls -l /var/cache/apt

Katika orodha itakayotokea utaona mstari unaofanana na huu:

lrwxrwxrwx 1 root root 28 Mar 3 09:14 archives -> /media/kituo/DISKI2/archives

Herufi l mwanzoni ndiyo inayokuambia kwamba hiki ni kiungo. Folda ya kweli ingeanza na d. Mshale unaonyesha kinakoelekeza. Ile 28 ni idadi ya herufi na alama zilizomo katika anwani iliyo mbele ya mshale, ukihesabu na mistari ya mkwaju. Hesabu mwenyewe uone, kwani hapo ndipo inapodhihirika kwamba kiungo hakina kingine ndani zaidi ya anwani. Katika Ubuntu kiungo kizima huonyeshwa kwa rangi ya samawati na kilichokatika kwa nyekundu, ila usitegemee rangi peke yake, maana si kila dirisha linazionyesha.

Hatua ya pili ni kuitembelea anwani yenyewe. Andika ls /media/kituo/DISKI2. Ikijibu kwamba hakuna, umepata chanzo. Katika mfano wetu diski imechomekwa vizuri, haijaharibika. Lakini Ubuntu inapofungua diski ya nje kwa kubofya, huiweka chini ya jina la mtu aliyeingia. Akiingia mtumiaji "kituo", diski inaonekana katika /media/kituo/DISKI2. Akiingia mtumiaji "mwalimu", diski ile ile inaonekana katika /media/mwalimu/DISKI2. Kiungo hakina habari. Kinaendelea kuelekeza kwenye anwani ya zamani.

Unaweza kukiunda upya kiungo kielekee /media/mwalimu, na wengi hufanya hivyo. Sisi hatushauri, kwa sababu kesho ataingia katibu na mchezo utaanza tena. Dawa ni kuipa diski anwani ya kudumu isiyotegemea nani ameingia. Kwanza soma namba ya utambulisho ya diski kwa amri lsblk -f. Ni ule mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu ulio chini ya neno UUID. Itoe diski kwa njia ya kawaida, unda folda kwa sudo mkdir /mnt/diski2, kisha ongeza mstari mmoja mwishoni mwa faili /etc/fstab:

UUID=namba-ya-diski-yako /mnt/diski2 ext4 defaults,nofail 0 2

Mstari huu unafaa kama diski iliandaliwa kwa mpangilio wa ext4. Lsblk -f itakuambia. Neno nofail lina kazi kubwa. Bila hilo, siku diski ikikosekana kompyuta inaweza kukataa kuwaka hadi mwisho, na hapo umeongeza tatizo. Usitumie majina kama /dev/sdb1 mahali pa UUID, kwa kuwa majina hayo hubadilika kufuatana na vifaa vilivyochomekwa wakati wa kuwasha. Flashi moja iliyosahauliwa inatosha kuyageuza. Ukimaliza, chomeka diski tena, andika sudo mount -a, kisha elekeza kiungo upya:

sudo ln -sfn /mnt/diski2/archives /var/cache/apt/archives

Na kama diski hiyo imekwenda zake, imeharibika au imeazimwa, basi ondoa kiungo na urudishe folda ya kawaida:

sudo rm /var/cache/apt/archives
sudo mkdir -p /var/cache/apt/archives/partial

Katika amri ile ya rm usiweke mkwaju mwishoni mwa jina, na kamwe usiweke nyota baada ya mkwaju. Jina tupu linaondoa kibao. Jina lenye mkwaju na nyota linakwenda kufuta yaliyomo kule kibao kinakoelekeza, na kama kiungo ni kizima utapoteza mali.

Kuhusu mpangilio wa maneno katika ln: kinachotangulia ni anwani ya kitu chenyewe, jina la kiungo linafuata. Ukigeuza mpangilio unaweza kupata kiungo kinachojielekeza chenyewe, kama vibao viwili vinavyotupiana mgeni. Kompyuta itakuambia "Too many levels of symbolic links". Hapo futa kiungo, uanze tena kwa utulivu.

Wakati kiungo hakina kosa

Si kila kiungo kilichokatika kinahitaji kuelekezwa upya. Mfano mzuri ni faili /etc/resolv.conf, ambalo kompyuta hulisoma ili kujua nani wa kumuuliza anwani za intaneti. Katika Ubuntu za miaka ya karibuni faili hilo ni kiungo kinachoelekea ../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf. Likikosekana, apt inaandika "Temporary failure resolving" na kutaja jina la mtambo ilioutafuta. Kivinjari nacho kwa kawaida hakifungui kurasa. Watu husema bando limekwisha, wananunua lingine, na hali inabaki ile ile.

Kabla ya kununua bando jaribu amri hii: ping -c 3 1.1.1.1. Ikijibu, intaneti ipo na fedha yako ni salama. Tatizo ni kutafsiri majina tu. Sasa angalia ls -l /etc/resolv.conf. Kama kinaelekea mahali tulipotaja, kiungo hakina kosa hata kidogo. Kilichokosekana ni faili la upande wa pili, ambalo halikai kwenye diski siku zote. Linaundwa kila kompyuta inapowaka, na huduma iitwayo systemd-resolved. Huduma ikizimwa, kiungo kinabaki kinaelekeza hewani. Basi unaiwasha:

sudo systemctl enable --now systemd-resolved

Wapo mafundi wanaofuta kiungo hicho na kuandika faili la mkono mahali pake. Linafanya kazi, hatukatai. Lakini kompyuta ndogo inayohama kutoka ofisini kwenda kijijini, leo kwenye waya na kesho kwenye modemu ya simu, itasumbua baadaye, na atakayesumbuliwa hatajua kwamba kuna mtu aliwahi kupita hapo.

Viungo vinavyofuatana

Mara nyingine kiungo kinaelekea kwenye kiungo kingine. Java ni mfano unaokutwa sana, kwa kuwa baadhi ya programu za hesabu na za takwimu za afya huihitaji. Jina /usr/bin/java ni kiungo kinachokwenda /etc/alternatives/java, nacho ni kiungo kinachokwenda kwenye folda ya Java yenyewe chini ya /usr/lib/jvm. Mtu akifuta folda ya Java ya zamani kwa mkono ili kupata nafasi, kibao cha kwanza kinaendelea kukufikisha kwenye cha pili, cha pili ndicho kinachokutelekeza. Ukiangalia cha kwanza peke yake utadhani mambo ni sawa.

Hapa itumie amri ya namei:

namei -l /usr/bin/java

Itakutembeza hatua kwa hatua, folda moja baada ya nyingine na kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka mahali njia inapokatika, na hapo itaandika "No such file or directory". Kati ya amri zote tunazozitaja leo, hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo mafundi wengi hawaijui. Ukishaona mahali pa kukatika, unaweza kuchagua Java nyingine iliyopo kwa sudo update-alternatives --config java. Kama folda ilifutwa kwa mkono ilhali mfumo unaamini bado ipo, rudisha kifurushi husika kwa sudo apt install --reinstall ukitaja jina lake.

Python inahitaji onyo la peke yake. Katika Ubuntu 22.04 jina /usr/bin/python3 ni kiungo kinachokwenda python3.10, na katika 24.04 kinakwenda python3.12. Vijana wanaosoma programu wanapenda kukielekeza kwenye toleo jipya walilolileta wenyewe. Wasifanye hivyo. Sehemu nyingi za mfumo, pamoja na hati zinazofanya kazi wakati wa kuweka vifurushi, zinamtegemea Python yule yule aliyekuja na mfumo. Ukielekeza kwingine zitalalamika kwamba "No module named 'apt_pkg'", na kiungo kikikatika kabisa hati zitasema zenyewe hazipo, ingawa unaziona. Kinachokosekana ni msomaji wa hati, hati yenyewe ipo. Toleo jipya lipewe jina lake, liitwe kwa jina lake.

Flashi na viungo haviendani

Vituo vingi hubebeana programu kwa flashi, na hapa viungo vingi hupotelea njiani. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32 au exFAT, na mipangilio hiyo haina nafasi ya viungo. Ukinakili folda ya programu kutoka Linux kwenda kwenye flashi kama hiyo, faili za kawaida zitakwenda na viungo vitakataliwa kwa maneno "Operation not permitted". Maneno hayo yanapita upesi katikati ya mamia ya mistari, hakuna anayeyaona. Mtu anasafiri kilomita mia na flashi yake, anafika, programu inakataa ikisema haioni maktaba fulani yenye jina linaloishia na .so na tarakimu. Mara nyingi jina hilo lilikuwa kiungo cha faili lenye jina refu zaidi, na faili lenyewe limefika salama!

Kinga yake ni kufunga folda nzima iwe faili moja kabla ya kuinakili:

tar czf programu.tar.gz programu

Humo viungo vinasafiri salama. Ukifika, nakili faili hilo kwanza kwenye diski ya kompyuta ndipo ulifungue, usilifungulie juu ya flashi. Kama safari imekwisha fanyika na maktaba zimo katika folda za kawaida za mfumo, amri ya sudo ldconfig huunda upya viungo vingi vya aina hiyo bila wewe kutaja kimoja kimoja. Vifurushi vya .deb havina taabu hii. Kila kimoja tayari ni faili moja lililofungwa.

Kutafuta vyote kwa mara moja

Kama hujui kiungo kipi kina kasoro, ipo amri ya kuvitafuta:

sudo find /etc /usr /var -xtype l

Itakupa orodha ya viungo vyote visivyofikisha mahali katika folda hizo tatu. Usishtuke orodha ikiwa na mistari kadhaa, wala usiifute yote kwa hasira. Vingine ni mabaki ya programu zilizoondolewa, havina madhara. Vingine vimekatwa kwa makusudi: kivinjari cha Firefox kinapofanya kazi huweka katika folda ya mtumiaji kiungo kiitwacho lock kisichoelekea kwenye faili lolote, kazi yake ni alama tu kwamba mtu yumo ndani. Chukua lile jina lililotajwa katika ujumbe wa hitilafu, ulilinganishe na orodha. Yanapokutana ndipo pa kuanzia.

Viungo vingine havifai kuguswa kabisa. Katika Ubuntu na Debian za sasa folda /bin yenyewe ni kiungo kinachokwenda usr/bin. Ukikiondoa ukidhani ni takataka, sehemu nyingi za mfumo zitashindwa kufanya kazi.

Kiungo kikishatengenezwa, usakinishaji ulioachwa katikati haujimalizi wenyewe. Andika amri hizi mbili kwa kufuatana:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

Ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyokwama, ya pili inaleta vile vilivyopungua. Kisha rudia kuweka programu uliyoikusudia.

Ikiwa umepitia haya yote na hakuna kiungo chenye kasoro, angalia kama diski imejaa kwa df -h, maana hilo nalo huzuia programu kuingia. Na kama mwisho wa yote fundi bado anasema ni fomati, huenda ana haki. Lakini nakili kwanza folda /home kwenye diski nyingine. Kisha lichukue faili la hisa, lifungue kwenye kompyuta tofauti mbele ya mweka hazina, mlinganishe jumla yake na ile ya daftari la mkono. Zikikubaliana, fundi aendelee.